Daftari la Ruta ya Mama

Mimi ni mtu wa masjala. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepokea mafaili, nimeyapa namba, na nimeyatafuta kila wakubwa wanaposema yamepotea ilhali wameyakalia wenyewe. Kazi hiyo imenijengea tabia ambayo wanangu hawaipendi: jambo lisiloandikwa mahali, kwangu ni kama halijatokea. Kwa hiyo ruta ya mama ilipoanza kuzimika, nilitoa daftari jipya, nikachora mistari mitatu kwenda chini, nikaandika juu yake: siku, saa ya kuzimika, saa ya kuwaka. Safu ya nne nikaiita sababu. Hiyo ndiyo iliyonitesa.

Mama anaishi Mpwapwa, kwenye nyumba ya mababu wa baba yangu, watu waliofika na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuendelea na safari. Ni nyumba ya zamani yenye baraza pana la saruji linalotazama njia ya kwenda msikitini. Mimi naishi Dodoma na kazi yangu iko Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa, naye wa Dodoma, aliamua kwamba mama ahamie kwake. Ana chumba cha ziada chenye choo ndani, na mke asiye na makuu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema haendi.

Ana presha, na daktari alishatuambia kwamba moyo wake umetanuka na hauna nguvu tena. Wiki ileile ya ubishi alikuwa amefariki rafiki yake wa tangu madrasa, na mama mwenyewe ndiye aliyetupa habari kwa simu. Kaka akaidaka. "Wenzako wote wanaisha huko, mama. Utabaki na nani?" Mama akamuuliza kama mvua imenyesha Dodoma. Mimi nilidhani amekosa la kusema.

Nikatafuta njia ya katikati. Nilinunua ruta ya intaneti ya kutumia laini, kile kisanduku cheupe chenye antena mbili na taa tatu za kijani, pamoja na kishikwambi cha kusimamisha juu ya kabati la vyombo. Kila siku saa mbili asubuhi nampigia kwa video. Mama anaketi na chai yake, anajifunga kipimo cha presha mkononi, kisha anasogeza zile namba mbele ya kamera nami naziandika. Na kwenye simu yangu kuna alama ndogo: ruta ikiwa hewani ni ya kijani, ikizimika inakuwa ya kijivu. Kaka alikubali kwa shingo upande. "Kitu hicho kikitushinda," alisema, "mama anahama, na sitaki ubishi." Tangu siku hiyo mama kubaki kwake kulitegemea kile kisanduku kiwake.

Miezi miwili ya kwanza hakikutusumbua. Halafu siku moja, saa nne na robo asubuhi, nikiwa napokea barua dirishani, alama ikawa ya kijivu. Nikapiga simu yake ya vitufe. Ikaita mpaka ikakata. Nilipiga mara kumi na moja, na kila ilipoita nilimwona mama amelala kwenye sakafu ya jikoni, birika likichemka peke yake. Nikampigia mke wa fundi cherehani, jirani pekee niliyekuwa na namba yake. Naye hakupokea. Saa kumi jioni alama ikarudi kijani, na baada ya dakika chache mama akashika simu.

"Mama, kulikoni? Ruta imezimika siku nzima!"

"Sasa inawaka, mwanangu. Hebu angalia vizuri."

"Umeme ulikatika?"

"Umeme upo."

"Na simu mbona hukupokea?"

"Niliiacha ndani. Nilikuwa kwa jirani. Nyie huko mmekula?"

Nikaandika kwenye safu ya nne: umeme, halafu nikaweka alama ya kuuliza.

Ikazimika tena baada ya wiki tatu, kisha baada ya siku kumi. Nikaanza kazi ya kuondoa sababu moja baada ya nyingine, kama tunavyofanya faili likikosekana. Nilituma adapta mpya kwa basi. Nikatuma betri ya akiba, ili umeme ukikatika ruta isijue. Nikabadilisha laini, nikafungisha na antena ya nje juu ya bati. Nikamwelekeza mama kwa simu achukue pini ya ushungi wake, abonyeze kile kitobo kidogo cha nyuma, ahesabu mpaka kumi. Alihesabu kwa sauti, polepole, akapitiliza mpaka kumi na tano kwa usalama. Ruta ikawaka vizuri, na Jumatano iliyofuata ikazimika saa tano kasoro.

Betri ndiyo iliyonichanganya zaidi. Umeme ungekatika Mpwapwa yote, ile betri ingeibeba ruta kwa saa nyingi, na bado alama ilikuwa inaingia kijivu ghafla. Ilikuwa inakufa mara moja, ikae hivyo saa tano, saa sita, siku nyingine tangu asubuhi hadi adhuhuri ya kesho yake, kisha irudi yenyewe bila kasoro. Na kila ilipozimika, mama hakupatikana. Wala mke wa fundi cherehani hakupatikana. Nilikuwa na hisia kwamba mtaa mzima ulikuwa unanyamaza pamoja na kile kisanduku, na hisia ile sikumwambia mtu, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Niligundua pia kwamba simu kumi na nne zilikuwa zimeunganishwa kwenye ruta ile. Damu ikanichemka. Kumbe mama aliwapa vijana wa mtaa nywila, nao walikuwa wanashinda barazani kwake na miziki yao na video zao za vichekesho. Niliibadilisha. Baada ya siku mbili zilikuwa simu kumi na sita.

"Waliniomba," mama alisema. "Ningewaambia sijui, wakati umeniandikia ukutani?"

Ulipoingia mwezi wa sita, kipupwe kikashuka kutoka milimani. Mpwapwa upepo ule unapiga mabati tangu alfajiri na kuingia chini ya milango, na wazee wanakaa juani wamejifunika mablanketi. Ruta ikaanza kuzimika mara mbili kwa wiki. Fundi niliyemtuma akapanda juu ya bati, akashuka, akanipigia. "Dada, ni upepo. Antena ya nje inatikisika, inapoteza mnara. Ona mwenyewe, kipupwe kimeanza na tatizo limezidi." Nilipanga tarehe zangu, nikaona kweli zimeongezeka na baridi. Nikafurahi mno. Kwa mara ya kwanza niliandika neno kwenye safu ya nne bila alama ya kuuliza: antena. Fundi akaifunga kwa nati mpya na waya wa chuma. Haikusaidia kitu.

Hapo nikaanza kuiogopa ile alama. Niliitazama kabla ya kunawa uso, niliitazama kwenye vikao, simu nimeificha chini ya faili. Siku moja namba ya mke wa fundi cherehani ikawa haipatikani kabisa, na tangu hapo haikupatikana tena. Nikadhani amebadilisha laini.

Kuna Jumamosi moja siisahau. Saa mbili nilikuwa nimeongea na mama, namba zake za presha zikiwa nzuri. Saa tatu ruta ikazimika. Nilikaa kwenye simu na huduma kwa wateja karibu saa nzima, nikipitishwa kwa huyu na yule, mpaka nikampata dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, nikammwagia yote. "Mnasubiri mama yangu afe ndipo mtume mtu?" nilimfokea. Dada yule akaniuliza kwa adabu kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Saa tisa alasiri alama ikarudi kijani yenyewe. Jumapili asubuhi mama alionekana amechoka, midomo imemkauka. Alisema upepo haukumpa usingizi. Namba zilikuwa zimepanda, nikaziandika.

Kaka alihesabu ruta kuzimika mara tatu kwa wiki moja, akasema basi. Alikodi gari dogo la mizigo lifike Mpwapwa Jumamosi, nami nikaambiwa nitangulie Alhamisi nikamfungie mama vitu. Sikubisha. Nilijiona nimeshindwa na kisanduku cha plastiki, na nilikuwa na uchungu nacho utadhani ni mtu.

Nilifika mchana. Nilipomwamkia mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, akauliza hali ya wajukuu, kisha akaniambia chai iko kwenye chupa. Jioni ile na kesho yake asubuhi alikunja khanga zake jozi kwa jozi, akizipanga ndani ya sanduku lake la bati, na kila alipomaliza jozi aliipigapiga kwa kiganja. Vijana walikuwa barazani na simu zao, mmoja akicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya ruta, simu mkononi, daftari mapajani, nikiilinda. Nilitaka nione kwa macho yangu itakavyozimika.

Saa nne hivi kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Haikuwa saa ya adhana. Sauti ikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, ikamtaja mzee mmoja wa mtaa wa nyuma na saa ya maziko. Mama akaweka chini khanga aliyokuwa anakunja. Akasimama kwa kujishika kwenye kabati, akavuta kitambaa akafunika runinga, akapitisha mkono juu ya bega langu, akachomoa waya nyuma ya ruta, ule unaotoka kwenye betri. Taa tatu zikafa. Kwenye simu yangu, hatua moja kutoka ukutani, alama ikawa ya kijivu.

Akatoka barazani. "Haya wanangu, nyamazeni, kuna msiba," alisema, nami nikawasikia wakiinuka. Akarudi, akajitanda khanga, akanitazama. "Na wewe jitande, twende. Au umekuja kumtazama huyo?"

Nilimfuata. Nilikaa mkekani kati ya wanawake niliowaamkia tangu utotoni, nikapokea mikono yao, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona wasiokuwepo. Mama wa vitumbua, aliyetuuzia tukienda shule, hakuwepo. Mke wa fundi cherehani hakuwepo, ambaye kwenye misiba ndiye aliyekuwa akishika mwiko wa pilau. Sikuthubutu kumuuliza yeyote. Nilikaa hivyo mpaka jeneza likatoka, na wanaume wakalifuata kwa haraka wakipokezana mabega.

Tulirudi baada ya alasiri. Kabla hata ya kuvua kandambili, mama akachomeka waya. Taa zikapepesa, zikatulia.

"Mama," nilisema, "ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ni wewe uliyekuwa unaizima. Muda wote huu."

Alinishangaa kwa dhati. "Sasa nani mwingine? Jirani ana maiti ndani, kwangu miziki inalia barazani na taa zinacheza dirishani? Redio tunazima, runinga tunafunika. Hicho nacho si ndicho kinachowaletea miziki?" Kisha akaongeza, kana kwamba ananitetea, "Hukuniuliza. Uliniuliza umeme, ukaniuliza betri, ukaniambia nihesabu."

"Na misiba mbona hukutuambia?"

"Kaka yako alisema wenzangu wanaisha. Nikaona nisimpe hesabu."

Nililia pale pale, kwa hasira na kwa aibu, nimekaa chini na viatu vyangu. Mama aliniacha nilie. Halafu akanyoosha mkono, akagusa daftari. "Umeandika zote humo? Hebu nisomee."

Nikasoma ya kwanza. Jumanne, saa nne na robo mpaka saa kumi. Mama alifumba macho. "Mama wa vitumbua," alisema. Ya pili. "Mzee wa mizani pale mnadani, aliyekuwa anampenda baba yako." Niliendelea, naye alinijibu mstari kwa mstari, bila kusita, na mimi nikafuta alama za kuuliza nikaandika watu. Tukafika pale nilipoandika antena kwa furaha. "Huyo ni bibi wa bondeni," mama alisema. "Yule aliyekupokea siku unazaliwa, akakukata kitovu. Aliugua baridi, hakumaliza wiki." Mistari mitatu mbele yake, mke wa fundi cherehani. Nilikumbuka nilivyompigia namba yake siku ile na baada ya siku ile, nikimlaumu kwa kutopokea.

Nikasoma Jumamosi. Saa tatu asubuhi mpaka saa tisa.

Mama aliinama akapanga kandambili zake. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Hiyo andika umeme," alisema.

"Mama."

Aliangalia mlangoni, kule barazani ambako vijana walikuwa wameanza kurudi. "Siku hiyo hapakuwa na msiba," alisema. "Nilibanwa hapa kifuani, mkono ukafa ganzi, jasho likanitoka na baridi yote ile. Nilidhani ni mimi. Nikachomoa hicho, nikafunika runinga, nikatawadha, nikajilaza kwenye mkeka kuelekea kibla. Sikutaka nikutwe na miziki barazani. Nikasubiri." Alijipangusa magoti kama mwenye vumbi. "Adhuhuri ikapita. Alasiri ikakaribia. Nikaona bado nipo. Nikaamka, nikapika uji, nikakiwasha."

Saa ile ile mimi nilikuwa kwenye simu, nikimfokea binti wa watu kwamba anasubiri mama yangu afe.

"Kwa nini hukunipigia?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ungefika saa ngapi? Na ungekuja na gari." Alinitazama usoni. "Sasa una sababu. Mwambie kaka yako. Gari linakuja, si ndiyo? Mimi nimeshakunja."

Sanduku la bati lilikuwa wazi, limejaa nusu. Kwa haki nilipaswa kupiga simu hapo hapo. Moyo umembana, alikuwa peke yake, saa sita nzima. Kaka angelikuta jambo hilo limeandikwa asingehitaji neno lingine, na daktari yeyote angemuunga mkono. Lakini niliwakumbuka wale wanawake mkekani walivyosogea bila kuambiwa, wakamwachia mama nafasi yake karibu na ukuta. Dodoma, kwenye mtaa wa kaka, sijui nani angejua kama mama ametoweka. Mimi mwenyewe simjui jirani yangu wa kulia.

Nikachukua kalamu. Kwenye mstari wa Jumamosi, safu ya nne, nikaandika: antena, imerekebishwa. Miaka yote ile ya kazi sijawahi kuandika uongo kwenye kumbukumbu. Kisha nikampigia kaka, nikamwambia tatizo limepatikana, ilikuwa waya nyuma ya ruta, mwenyewe nimeuona. Gari likaahirishwa. Mama alisikia yote. Alianza kutoa khanga ndani ya sanduku, jozi moja moja, na kuzirudisha kabatini.

Jumamosi asubuhi tulikwenda wote hospitali, na nilisimama mlangoni kwa daktari mpaka akaongezewa dawa. Mama aliponisindikiza stendi, aliniambia jambo moja. "Siku yangu pengine sitawahi kuamka nikizime. Utakuja uzime wewe. Usiwaache vijana na miziki."

Nimesharudi kazini. Kaka anasifu ufundi wangu. Daftari liko kwenye droo yangu, limefungwa kwa ufunguo, na kama lolote likimpata mama nikiwa huku, ule mstari wa Jumamosi ni mwandiko wangu. Naamka nao, nalala nao. Kila asubuhi alama ni ya kijani nami nahofia kijani hicho, kwa sababu kitaendelea kuwaka hata akiwa amelala mkekani. Nampigia, inaita, inaita, na nabana pumzi mpaka uso wake utokee.

Jana, saa tano asubuhi, nikiwa kwenye kikao, alama ikawa ya kijivu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, wenzangu wakageuka kunitazama. Mkono wa mama ulikuwa umefika nyuma ya ruta, ukachomoa waya, yu hai. Nilikuwa bado natabasamu nilipokumbuka kwamba, nyumba chache kutoka kwake, watu walikuwa wanatoa viti nje na kutandika mikeka.